Ndoo ya mahindi porini: chambo cha rakuni kisije kikamgeukia mbwa wako

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni daktari wa mifugo, nipo kwenye kitengo cha elimu ya afya ya wanyama hapa jimbo la Kentucky, Marekani, na hii nimeiandika kwa Kiswahili makusudi kabisa, manake Lexington na Louisville wenzetu wa kutoka Kongo na Afrika Mashariki ni wengi na kuna vijana, hata wazee, wameshaanza kutoka usiku na majirani zao kwenda kuwinda rakuni kwa mbwa, wengine saivi wana mbwa wao wenyewe, ila maelezo yote yapo kwa Kiingereza au wanapewa juu juu tu mlangoni kwa mtu.

Kuna kaka mmoja alinipigia asubuhi na mapema. "Dokta, mbwa wangu hawezi kusimama, miguu ya nyuma imelegea kama kitambaa, nafikiri ni kile chambo nilichotengeneza." Nikamwambia pole sana kaka, hebu niambie kwenye ndoo uliweka nini. Akataja mahindi, siagi ya karanga, mabaki ya pipi na chokoleti alizopewa bure, na dagaa wa kopo juu yake. Huyo mbwa nitamrudia, kwanza tuelewane kuhusu ndoo yenyewe.

Kwa asiyemjua, rakuni ni mnyama wa usiku, mkubwa kidogo kuliko paka, usoni ana weusi kama amevaa barakoa na mkia wake una pete pete. Jimbo jirani la Tennessee wamemfanya mnyama wao rasmi wa porini tangu 1971. Kinachomtofautisha ni mikono yake, vidole vya mbele vinahisi kuliko macho yanavyoona, anapapasa ndani ya maji au ndani ya shimo na anajua ameshika nini bila kutazama. Na anapenda mahindi, ndugu zangu, anapenda mahindi kama ngedere wa kwetu, shamba lako la mahindi mabichi analiingia ule usiku kabla hujavuna, sijui anajuaje.

Mbwa wanaotumika huku ni wa koo maalum kama Treeing Walker, Bluetick, Redbone, Black and Tan, Plott, mbwa wa kunusa wenye sauti nzito. Unamfungulia porini usiku, ananusa njia ya rakuni, anaifuata akilia, rakuni anapanda mti, mbwa anasimama chini anabweka kwa mpigo mwingine kabisa, na wewe huko gizani na tochi yako ya kichwani kwa kubweka tu unajua kashapandisha. Wengi hawaui hata, wanaangalia, wanamsifia mbwa, wanarudi nyumbani, na majimbo mengi yana kipindi cha mazoezi ambacho unaruhusiwa kumpandisha rakuni mtini lakini sio kumuua. Sasa mbwa mchanga anayejifunza anahitaji kukutana na harufu mbichi mara kwa mara asikate tamaa, hapo ndo watu wakabuni vilishio vya nyumbani, yaani ndoo ya mahindi inayofungwa mtini porini ili rakuni wazoee kuja kula hapo.

Kilishio kizuri ni rahisi. Tafuta ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, na iwe ilikuwa na chakula, isiwe ya rangi wala dawa ya shamba. Karibu na kitako toboa tundu la kupitisha bomba la plastiki la inchi 2, kipande kifupi tu, halafu mwisho wake funga elbo ile ya mafundi bomba, mdomo uangalie juu. Mahindi yanateremka yanajaa kwenye kona na yanasimama hapo, rakuni anaingiza mkono anachota punje chache chache. Kulungu mdomo wake hauingii, mbwa naye haingii, na tundu likiwa la inchi 2 kichwa cha rakuni hakipiti kwa hiyo hanasi, usije ukaongeza ukubwa ukafikiri unamsaidia. Chini kabisa ya ile kona toboa katundu kadogo ka kutolea maji, hapo wengi wanasahau, mvua inaingia kwa juu, maji yanakaa, mahindi yanavimba, siku ya tatu yana uvundo. Piga msasa kingo zote zisimkate vidole. Ifunge kwenye shina la mti kwa mkanda, sio misumari, mti mara nyingi ni wa mtu, juu kiasi cha kiuno, mbali na nyumba na banda la kuku, na zaidi ya yote mbali na barabara, kwa sababu mbwa akiwa kwenye harufu hasikii gari.

Ndani weka mahindi makavu ya punje nzima, inatosha. Ukitaka kuvuta wa mbali paka molasi kidogo kwenye gome la mti juu ya ndoo au tone la mafuta ya anisi, harufu yake inasafiri. Dagaa wa kopo na mafuta ya samaki kweli yanavuta, sikatai, ila yanavuta pia paka wa majirani, oposumu, kanyama ka usiku kenye mkia kama wa panya, na skanki, yule mweusi mwenye mistari myeupe anayetoa harufu mbaya kama kicheche wetu, na skanki huku Kentucky ni mmoja wa wabebaji wakubwa wa kichaa cha mbwa. Upande wa milimani mashariki kuna dubu pia, na kulisha dubu ni kosa la kisheria.

Chokoleti hapana. Inamuua mbwa, na chokoleti nyeusi ndo kali zaidi. Zabibu, mbichi au kavu, hapana, zinaharibu figo za mbwa. Siagi ya karanga geuza kopo usome viungo vyote mpaka mwisho, ukiona zailitoli rudisha dukani, ni sukari ya kutengeneza ambayo kwa binadamu haina shida lakini kwa mbwa inashusha sukari ya damu ndani ya muda mfupi na ini linaweza kufa. Utasema chambo ni cha rakuni sio cha mbwa, lakini rakuni anamwaga chini, na nani anafika hapo chini usiku ule ule pua ikiwa ardhini? Mbwa wako. Na wale wanaotia sumu ya inzi kwenye vinywaji vitamu eti wapunguze rakuni, huo ni uhalifu, dawa inayotumika kinyume na maelekezo ya kibandiko chake inavunja sheria ya nchi nzima, na wanaokufa ni pamoja na mbwa wa wawindaji wenyewe.

Hapa kwenye mahindi nikae kidogo maana ni jambo ambalo sisi tunalijua kuliko hata majirani zetu. Sumukuvu. Kenya 2004, Makueni na Kitui na maeneo ya jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye ukungu na 125 wakafariki. Ni ukungu ule ule unaoota kwenye ndoo yako ikipata unyevu na joto. Bata mzinga wa porini, kware, ndege wadogo, wote wanaokota zile punje zilizodondoka na sumukuvu inawamaliza kimya kimya, huwezi kuona mizoga, inaliwa usiku. Kwa hiyo ndugu yangu usinunue mahindi yaliyokataliwa eti kwa sababu ni ya wanyama tu. Weka kidogo, yaishe ndani ya siku chache, ukifungua mfuniko ukaona kijani au ukasikia harufu ya stoo iliyovuja mwaga yote, fukia, osha ndoo, anika juani.

Tatizo la pili ni kwamba ndoo inakusanya wanyama ambao kwa kawaida wangekula mbalimbali. Rakuni wana tabia ya kujisaidia sehemu moja, chini ya mti, juu ya gogo, na ukiwalisha sehemu moja wanafungua choo hapo hapo jirani. Kwenye kile kinyesi kuna mayai ya minyoo yao ya duara, hayaonekani kwa macho, yakishatoka yanahitaji kama wiki 2 mpaka 4 kuiva, baada ya hapo yanaweza kukaa kwenye udongo miaka. Mtu akiyameza, hasa mtoto mdogo anayechezea udongo, minyoo inatembea mpaka kwenye ubongo au jicho. Jiki haiyaui, maji yanayochemka ndo yanayaua. Vaa glavu, buti ziache nje, mbwa apewe dawa ya minyoo kila mwezi maana naye anaweza kuibeba akaileta sebuleni.

Halafu distempa, virusi ambavyo rakuni na mbwa wanaambukizana. Mnakumbuka simba wa Serengeti 1994, walikufa karibu elfu moja, theluthi nzima, ni virusi hivyo hivyo. Ukiona rakuni mchana kweupe anayumba, macho yana tongotongo, haogopi mtu, usimsogelee, funga mbwa wako upige simu kwa maofisa wa wanyamapori, inaweza kuwa distempa na inaweza kuwa kichaa cha mbwa, kwa macho huwezi kutofautisha hata mimi siwezi.

Na kuhusu kichaa cha mbwa kuna historia ambayo kila mwenye mbwa wa kuwinda aijue. Kile cha rakuni kilikuwa kimekaa zaidi Florida na majirani zake kule kusini, halafu mwaka 1977 kikaonekana West Virginia, kikapanda mashariki yote mpaka mpaka wa Kanada. Kilifikaje? Rakuni walisafirishwa na magari kutoka kusini ili wawindaji wapate wa kuwinda. Usihamishe rakuni, hata mmoja, hata mtoto wake anayelia anayetia huruma. Mpaka leo serikali inarusha chambo cha chanjo kwa ndege kwenye ukanda wa kutoka Maine mpaka Alabama ili ugonjwa usivuke milima ya Appalachia kuja magharibi. Ni kama kitonge kidogo kinachonuka samaki, ndani kina chanjo. Mbwa wako akikiokota usimtie mkono mdomoni, hakimdhuru, ukikishika wewe kikiwa kimepasuka nawa kwa sabuni upige namba iliyoandikwa pale pale.

Sheria nitasema haraka. Leseni, ruhusa ya mwenye shamba, na kitabu cha sheria za uwindaji cha mwaka huu sio cha mwaka juzi, kwa sababu kuna ugonjwa wa kulungu wa kudhoofika, uligundulika kaunti ya Ballard Desemba 2023, kulungu wakikusanyika kula pamoja wanaambukizana, na kuna kaunti ambazo kuweka mahindi porini kunaweza kuwa na vikwazo. Piga simu uulize kabla hujafunga ndoo.

Kitu kingine cha mbwa mwenyewe, ukimfungulia kila siku kando ya ndoo ile ile anajifunza ndoo, hajifunzi rakuni, unamuona anakimbia moja kwa moja pale halafu anabwekea mti wa karibu ambao hauna kitu. Mfungulie mbali, badilisha sehemu, na akishajua kazi ondoa ndoo kabisa.

Sasa yule mbwa wa asubuhi. Nilivyofika alikuwa amelala ubavu, miguu yote minne sasa, lakini ananiangalia na mkia unapiga sakafu. Chokoleti haifanyi vile. Nikapapasa, nikakuta kwenye sikio kovu bichi la meno, mwenyewe akakumbuka kwamba siku kumi nyuma alipigana na rakuni pale pale kwenye kilishio. Hiyo inaitwa kupooza kwa mbwa wa rakuni, mwili wa mbwa unajibu mate ya rakuni kwa kushambulia mishipa yake wenyewe ya fahamu, inaanza wiki moja mpaka mbili baada ya kung'atwa, hata sauti inapotea, na dawa yake hasa ni uangalizi. Kaka yule akamtandikia godoro, akawa anamgeuza kila baada ya saa chache asipate vidonda, anamlisha kwa mkono akiwa ameinuliwa kifua, mke wake anashika zamu ya usiku. Wiki ya sita alisimama akaanguka. Wiki ya tisa nikapokea ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, hakuna maneno, ni kubweka tu, sauti bado nyembamba ina mikwaruzo, na nyuma yake namsikia mwenyewe anacheka.