Holda ya skrini: tatizo ni mkono na gololi, si mshiko

Ukiingia duka la vifaa vya magari pale Ngamiani, Tanga, kutafuta holda ya kishikwambi, muuzaji atakuonyesha mshiko kwanza: vidole vinavyobana, sponji, springi. Mshiko ndio unaoonekana, kwa hiyo ndio unaouza. Lakini holda inayotikisika au kudondoka mara chache huwa imeshindwa kwenye mshiko. Imeshindwa nyuma yake, kwenye mkono mrefu kupita kiasi, gololi (tufe la kiungo linalouruhusu mkono kugeuka) ndogo au yenye mafuta, na kitako kilichobandikwa mahali pasipostahili. Nitaanza na gari, kisha niingie kwenye ndege ndogo, ambako hesabu ni ileile ila kosa lina bei nyingine.

Chukua kishikwambi cha inchi 10. Chenyewe kina karibu nusu kilo, na ukiongeza kava na mshiko unafika gramu 700. Kikikaa sentimita 25 kutoka kwenye kitako, kinakipinda kitako hicho kwa nyutoni-mita 1.7 (kipimo cha nguvu ya kupinda) gari likiwa limesimama tu. Gurudumu likiingia shimoni na mshtuko ukafika mara tatu ya uzito, umevuka 5. Kifunge kwa mkono wa sentimita 9 na namba hizo zinashuka hadi 0.6 na 1.9. Skrini ileile, gari lilelile, barabara ileile.

Kuna jambo la pili kuhusu urefu ambalo wengi hawalihesabu, nalo ni mtikisiko. Ukikata urefu wa mkono nusu, ugumu wake wa kupinda unaongezeka mara nane, na kasi yake ya asili ya kutikisika, yaani mara ngapi kwa sekunde unatikisika wenyewe ukigongwa na kuachwa, inapanda karibu mara 2.8. Barabara za vumbi kwenye mashamba ya mkonge hujikunja mawimbi kama bati. Mawimbi yakiwa yameachana sentimita 80 na wewe unakwenda kilomita 50 kwa saa, gari linapigwa mara 17 kwa sekunde. Kwa kilomita 40 ni mara 14. Mkono mrefu wenye kishikwambi kizito kichwani mara nyingi una kasi ya asili iliyo humo humo, na hapo mtikisiko unajijumlisha wenyewe.

Hiki ndicho kipimo ninachopendekeza kabla ya kununua chochote kipya. Maandishi yakivurugika kwenye mwendo mmoja tu na kutulia ukiuvuka, huo ni mkono: hata ukaze mpaka mkono wako uume, hautapona. Ufupishe, au weka nguzo ya pili inayogusa dashibodi chini ya skrini. Yakivurugika kwenye kila mwendo, kuna kiungo kilicholegea au kitako kinachocheza. Shika skrini kwa vidole viwili, isukume taratibu juu na chini, na mkono mwingine uguse kila kiungo kwa zamu. Kile kinachocheza utakisikia.

Sasa gololi. Mfumo unaotumika zaidi kwa kazi ngumu ni wa gololi mbili zilizovikwa mpira, na mkono wa vipande viwili unaozibana zote kwa skrubu moja ya katikati. Ukilegeza skrubu hiyo, viungo vyote viwili vinaachia kwa pamoja, ndiyo maana mtu asiyeujua hulegeza na kuona skrini inaanguka mapajani. Shikilia skrini kwanza, legeza nusu mzunguko, ipange, kaza. Usiizungushe kwa nguvu skrini iliyokazwa. Mpira unakwanguka, unang'aa, na baada ya hapo haushiki tena.

Ukubwa wa gololi unafuata uzito. Ya inchi moja, yaani milimita 25.4, inafaa simu na vishikwambi hadi karibu gramu 900 kwa kazi ngumu. Ya inchi moja na nusu, milimita 38, inabeba karibu maradufu. Sehemu za makampuni mbalimbali hudai kuingiliana, lakini pima kwa kalipa kabla ya kulipa, kwa sababu gololi iliyopungua hata robo milimita inaweza kuufikisha mkono mwisho wa kukaza bila kubana. Na tafadhali, hakuna mafuta kwenye gololi. Wala silikoni, wala ile dawa ya kupulizia nati zenye kutu. Msuguano ndio kazi yenyewe ya kiungo hiki. Kikipata vumbi au jasho, kifute kwa maji ya sabuni na ukikaushe.

Matundu ya nyuma yana vipimo vya kawaida, na kuvijua kunaokoa kutoboa ovyo. Holda ndogo hutumia matundu manne ya AMPS, milimita 30 kwa 38. Skrini za ndani ya basi hufuata VESA, milimita 75 kwa 75 au 100 kwa 100, skrubu za M4, yaani za kipenyo cha milimita 4. Skrubu iliyotoka na skrini ikipotea, pima kina cha tundu kwa kijiti kabla ya kuweka mbadala, maana M4 iliyozidi urefu inagonga ubao wa elektroniki ndani. Na skrini iliyoning'inizwa juu ya vichwa vya abiria iwe na waya wa akiba uliofungwa kwenye chuma cha paa, si kwenye plastiki ya dari.

Kitako ndipo watu wanapokosea zaidi.

Kikombe cha mpira kinachonyonya kioo ni kizuri kwenye kioo na kibovu karibu kila mahali pengine. Kwenye dashibodi yenye vipele hewa inapenya polepole, unakuta kimeanguka ukirudi kutoka sokoni. Kioo kisafishwe kwa spiriti, kikombe kioshwe kwa maji, vikauke vyote. Miezi ya kaskazi, gari lililoachwa juani Tanga lina dashibodi ya moto kuliko mkono unavyovumilia, mpira unalainika na kupoteza umbo. Ukiegesha, kiondoe au kifunike.

Gundi ya pande mbili ya aina ya povu la akriliki, VHB kwa mfano, inashika kuliko watu wanavyodhani, ila inataka subira. Futa kwa mchanganyiko nusu kwa nusu wa maji na spiriti safi ya isopropili, bandika, kandamiza kwa nguvu, kisha usitundike kitu. Baada ya dakika 20 ina karibu nusu ya nguvu yake, baada ya saa 24 asilimia 90, na inakamilika baada ya saa 72. Adui wake mkubwa hapa kwetu ni dawa ya kung'arisha dashibodi inayopakwa kwenye sehemu za kuoshea magari. Nyingi zina silikoni, na gundi haiwezi kuipita. Kama dashibodi inang'aa kama imetoka dukani, isafishe mara tatu au tafuta njia nyingine.

Njia nyingine ninayoipenda kuliko zote ni bamba linalofungwa chini ya bolti ya kiti cha abiria. Halitoboi kitu, limeshika chuma cha gari, na linapandisha nguzo fupi kando ya dashibodi. Angalizo moja: bolti hiyo inamshikilia mtu siku ya ajali. Bamba la milimita 3 linapunguza meno yanayoingia kwenye nati kwa milimita 3. Kwa bolti ya M10 nataka angalau milimita 10 za meno ziingie. Zikipungua, nunua bolti ndefu zaidi ya daraja lilelile, kisha kaza kwa spana ya kipimo kama kitabu cha gari kinavyosema.

Holda ya kubana kwenye tundu la AC naiacha kwa simu nyepesi, na hata hapo visahani vya plastiki huvunjika. Skrini za Android zinazochomekwa kwenye nafasi ya redio ni somo lake. Itoshe kusema nafasi za Toyota nyingi zina upana wa milimita 200 badala ya 180, na zile zenye skrini inayoelea mbele lazima zishikwe kwa nyuma pia kwa bati lenye matundu, la sivyo uzito wote unaning'inia kwenye fremu ya mbele.

Mahali pa kuweka: usukani wetu uko kulia, hivyo skrini ikae kushoto kwa usukani, chini ya mstari wa kuona barabara. Isiwe mbele ya kifuniko chenye alama ya SRS, yaani cha mfuko wa hewa. Mfuko wa hewa unajaa ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, na chochote kilichobandikwa hapo kinageuka jiwe. Nguzo ya kioo cha mbele upande wa dereva nayo iache. Pikipiki huwa zinajificha hapo hata bila msaada wa skrini.

Waya usiufanye kamba ya kuvutia. Acha kitanzi cha sentimita tano pembeni ya kila kiungo, bana waya kwenye mkono wenyewe, ili mtikisiko uishie hapo na si kwenye tundu la chaji. Malori na Coaster nyingi ni za volti 24, kwa hiyo soma kwenye chaja kama inapokea 12 hadi 24. Ya 12 pekee inaweza kuungua siku ya kwanza.

Ndani ya ndege ndogo mambo hubadilika kuanzia kwenye kioo. Vioo vya mbele vya ndege nyingi ndogo, Cessna Caravan ikiwemo, ambayo ni sura ya kawaida kwenye viwanja vya pwani hii, ni akriliki, plastiki angavu. Spiriti ile niliyoisifia kwenye gari, pamoja na dawa za kusafishia vioo zenye amonia, huipasua akriliki nyufa ndogondogo kama utando wa buibui. Huku tumia maji, sabuni laini na kitambaa kisichokwangua.

Kikombe cha kunyonya nacho kinadhoofika kadiri unavyopanda. Kinachokishikilia ni mgandamizo wa hewa ya nje. Kikombe cha milimita 80 kwenye usawa wa bahari kingeweza, kwa hesabu kamili, kushikiliwa kwa nyutoni 500. Kwa futi 10,000 hewa imebaki karibu asilimia 70, nguvu inashuka hadi 350. Na kwa kuwa daima kuna hewa kidogo iliyobaki chini ya mpira, punguzo halisi ni kubwa zaidi. Kwa safari fupi ya Tanga kwenda Pemba huenda usione tofauti. Ukielekea Kilimanjaro utaiona, pengine kikidondokea miguuni kwenye pedali. Weka kamba ya usalama, fupi kiasi kwamba kishikwambi kikianguka hakifiki sakafuni.

Propela ya Caravan ina panga tatu na mzunguko wa juu wa 1,900 kwa dakika, maana yake mapigo 95 kwa sekunde. Ni mtikisiko wa haraka na mdogo, tofauti kabisa na wa barabara ya vumbi. Hautupi skrini, unafungua skrubu, kidogo kidogo, safari baada ya safari. Ndiyo sababu ya nati zenye pete ya nailoni, na meno ya bolti lazima yatokeze juu ya pete hiyo. Nati ya namna hii inayozungushika kwa vidole tu haifai tena.

Ukifunga kwenye usukani wa ndege, kabla ya kuwasha injini zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, vuta mpaka mwisho, sukuma mpaka mwisho, huku umekaa kama unavyokaa ukiruka, mkanda umefungwa na waya wa chaji umechomekwa. Skrini isiguse paja, isiguse swichi, waya usikazike. Rudia huku kishikwambi kimelazwa kwa pembe utakayoitumia, maana pembe ikibadilika nafasi nayo inabadilika. Kama kinagusa hata kidogo, kipeleke dirishani au tumia kile cha kufunga kwenye paja.

Halafu tazama dira ya akiba. Kava nyingi za vishikwambi zina sumaku, na spika pia. Weka kishikwambi mahali pake, kitoe, kiweke tena, kiwashe, chomeka chaji. Kipimo cha dira kikihama, hapo si mahali pake.

Miwani ya jua yenye polaraizi, ile ya kukata mng'ao, ina mchezo wake: ukikigeuza kishikwambi kutoka wima kwenda mlalo skrini inaweza kuwa nyeusi. Jaribu pande zote mbili ukiwa ardhini. Joto nalo ni la kweli. iPad imetengenezwa kufanya kazi hadi nyuzi 35 za hewa inayoizunguka, na juu ya dashibodi ya ndege iliyoegeshwa juani kiwango hicho kinapitwa mapema. Kwanza inafifisha mwanga, kisha inakataa chaji, mwisho inajizima na ramani yako. Mshiko ulio wazi mgongoni, karibu na tundu la hewa, unasaidia kuliko kava nene.

Kuhusu nguvu za ajali, kanuni za Marekani za ndege kubwa za abiria huhesabu mara 9 ya uzito kwenda mbele, mara 6 chini na mara 3 juu. Gramu 700 zinageuka zaidi ya kilo 6 zinazoelekea mbele. Hata kama ndege yako haiko chini ya kanuni hizo, ni kipimo kizuri cha kujiuliza kama ungeutegemea ule mshiko. Na chochote utakachotaka kukifunga kwa bolti kwenye mwili wa ndege si holda tena, ni badiliko la ndege: ni kazi ya fundi mwenye leseni, yenye karatasi zake na idhini ya mamlaka ya anga. Usitoboe.

Mwisho ni chumvi, inayotuhusu wote wa pwani. Bolti ya chuma cha pua ndani ya mkono wa alumini, kukiwa na unyevu wa bahari, inaila alumini. Utaona unga mweupe kuzunguka kichwa cha bolti, kisha siku moja haifunguki. Tumia chuma cha pua cha daraja la A4, kinachohimili chumvi zaidi, badala ya A2, weka washa ya nailoni kati ya metali mbili, na paka grisi ya kuzuia kukwama kwenye meno ya bolti peke yake. Ukishapaka grisi punguza nguvu ya kukaza, kwa sababu meno yanateleza na bolti ndogo kama M5 hunyooka kabla hujahisi. Mara moja kwa mwezi fungua kila skrubu, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, kaza upya. Msimu wa kusi, kama gari au ndege inalala karibu na maji, fanya hivyo kila wiki mbili.