Umbali wa anga na muda wa safari: Mwanza hadi Dar es Salaam

Ukitafuta umbali wa ndege kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam utakuta kama kilomita 850. Dereva wa basi pale stendi ya Nyegezi, Mwanza, atakutajia zaidi ya 1,100, naye hajakosea. Basi linafuata barabara ya Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro. Ile 850 ni umbali wa anga, yaani njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia kati ya miji miwili, bila kujali mlima, pori wala maji.

Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tofauti hiyo tunaiishi. Bukoba iko kilomita 175 hivi ukikatiza juu ya maji. Kwa gari unazunguka kupitia Sengerema, Geita na Muleba, kilomita kama 400, hata sasa ambapo daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko. Meli inakesha majini. Ndege haimalizi saa.

Wengi huchanganywa na muda. Ndege ya jeti kama Airbus A220 ikishakaa sawa angani hukimbia kilomita 800 na kitu kwa saa, hivyo mtu anagawanya kichwani na kutarajia saa moja hadi Dar. Tiketi inasema karibu saa moja na nusu. Ni kwa sababu muda wa tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inapoegeshwa upande wa pili. Hapo katikati inatambaa hadi mwanzo wa njia ya kurukia, inangoja ruhusa ya mnara, kisha inapanda kwa mwendo ambao bado si ule mkubwa. Ikikaribia Dar inaanza kupunguza kasi mapema, na zikiwapo nyingine mbele yake huambiwa izunguke angani kusubiri zamu. Ndege ya mapanga kama Q400 hukimbia kilomita 600 na kitu tu, kwa hiyo uliza unapanda ipi.

Kwa anayeunganisha safari Dar, au anayempeleka mgonjwa Muhimbili kwa miadi, tafadhali panga kwa saa ya kufika iliyoandikwa kwenye tiketi. Usipange kwa kilomita. Juu yake ongeza barabara ya Kirumba na Pasiansi kwenda uwanjani, ukaguzi, na kusubiri mizigo.

Jingine: saa za tiketi ni za kila mji kwa saa zake. Kigali iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiondoka Tanzania saa 4:00 asubuhi na tiketi ikaonyesha unafika Kigali saa 4:30, umesafiri saa moja na nusu. Entebbe haina hesabu hiyo, kwani saa za Uganda na za Tanzania ni zilezile.