Injini ikizima, helikopta haianguki kama jiwe

Ujumbe unaozunguka tena kwenye magrupu unadai kwamba helikopta ya kunyunyizia dawa mashambani ikizima injini angani, rubani hana la kufanya. Si kweli. Anashusha mara moja wenzo ulio kushoto kwake, hewa inayopanda kutoka chini inaendelea kuzungusha mapangaboi, na anaweza kutua salama. Marubani hufunzwa hili kabla ya kupata leseni.

Mkanganyiko unaeleweka: kazi ya shambani hufanyika mita chache juu ya mimea, muda ni finyu mno, na nyaya za umeme ziko karibu. Mwongozo wa helikopta una mchoro wa vimo na kasi za kuepuka, ambako injini ikizima ni vigumu kutua salama, uangalie. Matengenezo nayo hayakwepeki: helikopta aina ya Robinson R44 hufanyiwa ukarabati mkubwa kila saa 2,200 za kuruka au miaka 12. Tafadhali, ujumbe huo usiusambaze.