Usikubali soketi ikatwe: dhana potofu kuhusu kubadilisha redio ya gari

Gari la mke wangu, Toyota Fielder, lilishuka bandarini Kilindini na redio yake ya Kijapani, na saa ya redio ile ilikuwa na jambo lililomfurahisha sana mama mkwe. Saa moja asubuhi ilionyesha 1:00. Saa nne, 4:00. "Redio hii yajua saa zetu, mwanangu," akaniambia. Na kweli ilizijua. Japani imetutangulia kwa saa sita kamili, na saa ya Kiswahili imepishana na ya Kizungu kwa saa sita vilevile, kwa hiyo saa iliyofungwa kwa majira ya Tokyo husomeka Kiswahili bila kosa. Lakini redio yenyewe haikujua jingine la kwetu. Ramani ilikuwa ya Japani, maandishi ya Kijapani, na Pwani FM haikuishika kabisa.

Hapo ndipo watu wengi wa Mombasa huanza kufikiria redio mpya, na hapo ndipo maneno ya barazani, ya gereji na ya foleni ya Likoni hukujia kwa wingi. Mengi si kweli. Mengine nimeyalipia pesa.

"Redio imeharibika, haishiki stesheni"

Haijaharibika. Japani hurusha matangazo ya FM kati ya megahezi 76 na 90, na tangu 2014 wameongeza hadi 95. Kenya hutumia 87.5 hadi 108. Redio ya kule na stesheni za hapa hukutana kwenye kipande kidogo tu. Baraka FM iko 95.5 na Pwani FM 103.1, zote mbili nje ya uwezo wa redio ile hata ikiwa mpya kabisa.

Kuna kidude kidogo kinachochomekwa kati ya waya wa eriali na redio, na watu husema kinaongeza nguvu ya redio. Hakiongezi nguvu. Kinachofanya ni kuteremsha masafa: kikiwa cha megahezi 16, stesheni ya 103.1 utaipata kwenye 87.1, na ya 95.5 kwenye 79.5. Hapo umepona. Ukinunua cha 20 bila kuuliza, 103.1 itakaa vizuri kwenye 83.1, lakini 95.5 itaangukia 75.5, nusu hatua nje ya mlango. Ndiyo maana jirani anasema chake ni kizuri na wewe unasema chako ni kibovu, ilhali tofauti ni namba iliyoandikwa ubavuni. Isitoshe, redio yenye upana wa megahezi 14, yaani 76 hadi 90, haiwezi kumeza masafa yetu yanayozidi 20, lazima baadhi ya stesheni zibaki nje. Kama wewe una stesheni mbili tu unazozipenda na unazijua namba zake, kidude hicho kinakutosha, na sioni sababu ya kumwaga maelfu kwa redio mpya.

Liko kosa linalofanana na hili. Umeweka redio mpya, na FM inakoroma kuliko ya zamani. Fundi anasema redio ni feki. Tazama kwanza waya wa buluu. Magari mengi ya Japani yana kikuza mawimbi kwenye kitako cha eriali au kwenye kioo, na kikuza hicho hula umeme unaotoka kwenye redio. Waya wa buluu usipounganishwa, eriali imelala.

"Fundi hodari hahitaji soketi, anakata na kuunga"

Hili ndilo lililonifanya niandike, na ningependa kila mwenye gari alisikie kabla hajafungua dashibodi.

Fundi wetu wa kwanza alimaliza kazi haraka mno. Alichomoa redio ya zamani, akakata nyaya za gari nyuma ya soketi, ile plagi ya gari inayochomekwa nyuma ya redio, akazisokota na za redio mpya, akafunga tepu nyeusi, akaosha mikono. Sauti ikatoka, tukamshukuru. Ilipoingia kaskazi, gari likishinda juani Kongowea, spika ya nyuma kushoto ikaanza kukatika kila tukipita tuta. Baadaye ikanyamaza. Nilipofungua, gundi ya tepu ilikuwa imeyeyuka na tepu imeteleza, na shaba ya nyaya ilikuwa imeota kijani. Hewa yetu ina chumvi na unyevu mwaka mzima. Waya uliosokotwa ukiwa wazi hapa haudumu.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo ya kutu. Nyaya za redio za dukani hufuata mazoea ya rangi yanayofanana karibu kote: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu umeme wa ufunguo, yaani unaokuja ufunguo ukiwashwa tu, nyeusi ardhi, yaani unaofungwa kwenye bodi ya gari. Nyeupe ni spika ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na waya wenye mstari ndio hasi ya kila spika. Fundi akishakariri hayo hudhani kila gari liko hivyo. Haliko. Kila kampuni ya magari ina rangi zake. Kwenye Toyota nyingi, waya wa kijivu kwenye soketi ya redio ndio umeme wa ufunguo, wa kijani ni wa taa za dashibodi, na ardhi ni kahawia. Sasa mtu anayeunga kijivu kwa kijivu kwa sababu rangi zimelingana, amesukuma volti 12 ndani ya tundu la spika la redio mpya. Redio inaungua, na lawama humwendea aliyeiuza.

Dawa ni soketi ya kati. Upande mmoja unachomekwa kwenye plagi ya gari bila kukata chochote, upande wa pili una nyaya za kuunga na redio. Kwa Toyota nyingi huwa mbili, moja ya pini 10 yenye umeme na spika za mbele, nyingine ya pini 6 ya spika za nyuma. Bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya redio. Maungio yote hufanywa mezani, kwa risasi ya kulehemu na mpira unaonywea kwa moto, kisha ndipo unaingia garini na kuchomeka. Siku ukiuza gari, unachomoa na kurudisha redio ya asili kana kwamba hakuna aliyegusa.

Soketi ya gari ikishakatwa, kazi inakuwa nyingine. Ilinibidi nitafute kichwa cha soketi kutoka gari lililochinjwa, chenye nyaya zake ndefu, na fundi wa pili akakaa mchana kutwa akiunga waya mmoja mmoja huku multimita, kile kipimo cha umeme, iko mapajani. Huyo alinifundisha jambo jingine ambalo wengi hawalijui: hasi ya spika si ardhi. Redio za leo husukuma umeme kwenye nyaya zote mbili za spika, na ukiupachika mmoja kwenye bodi ya gari unaweza kuiua amplifaya iliyo ndani ya redio.

"Njano na nyekundu zote zina moto, zifunge pamoja"

Zote zina moto ufunguo ukiwa umewashwa. Njano inatakiwa ibaki na umeme daima ili redio ikumbuke stesheni na saa, na nyekundu izime ufunguo ukitoka. Zikifungwa pamoja kwenye umeme wa kudumu, redio haijui kuwa umeondoka. Tuseme inakunywa nusu ampea tu. Kwa siku moja ni ampea-saa 12. Betri ya ampea-saa 45 itakwisha katika siku ya nne, na stata itakataa mapema kuliko hapo. Mtu anaacha gari nyumbani, anapanda basi kwenda Lamu kwa Maulidi, akirudi gari limekufa, na yeye anakwenda kununua betri mpya! Gari lililozimwa na kutulia kwa kawaida hula chini ya miliampea 50. Mwambie fundi akupimie mbele yako kabla hujamlipa.

Zikifungwa zote kwenye umeme wa ufunguo, betri itapona, lakini redio itasahau kila kitu kila ukizima.

"Imeandikwa 50W mara nne, kwa hiyo ni wati 200"

Hesabu hii naipenda kwa sababu mtu anaweza kuifanya mwenyewe. Injini ikiunguruma, gari hutoa kama volti 14.4. Spika ya kawaida ni omu 4. Volti ukizizidisha kwa zenyewe na kugawa kwa 4 unapata karibu 52. Hiyo ndiyo 50 iliyoandikwa kwenye boksi, na ni nguvu ya sauti iliyokwaruzika hadi mawimbi yake yamekuwa ya mraba, sauti ambayo hakuna anayetaka kuisikiliza. Kwa mawimbi safi nguvu ni nusu yake, na ukitoa kinachopotea njiani unabaki na takriban wati 20 kwa kila spika. Wati 20 safi si haba. Tatizo ni kwamba spika za karatasi zilizozeeka tayari haziponi kwa kubadilishiwa redio. Ningekuwa na pesa za kitu kimoja tu, na redio ya sasa inashika Bluetooth, ningenunua spika za milango ya mbele.

Na fyuzi ikiungua, usiweke kubwa zaidi "ili ivumilie". Fyuzi hulinda waya. Ukiiongeza, kitakachoungua safari ijayo ni waya, ndani ya dashibodi.

Mengine ni ya haraka. Si kweli kwamba vitufe vya usukani lazima vife: redio nyingi za skrini zina nyaya mbili za kazi hiyo, unaziunga na kuifundisha redio kitufe kimoja kimoja. Kamera ya nyuma ya asili nayo inaweza kubaki, ila kamera nyingi za Toyota hula volti 6, na ukizipa 12 moja kwa moja unaziua. Kwenye redio ya skrini, ukurasa wa mipangilio unaotaja toleo la Android na ukubwa wa RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) usiuamini sana, kwa kuwa muuzaji anaweza kuandikisha namba aitakayo. Fungua ramani na muziki kwa pamoja palepale dukani uone kama inakwama. Magari kadhaa ya Ulaya, Mercedes na BMW miongoni mwao, yametumia redio iliyomo katika mduara wa nyaya zinazopitisha mawasiliano kwa mwanga badala ya umeme, pamoja na vifaa vingine. Ukiitoa hovyo mduara wote unakatika, kwa hiyo hizo mwachie anayezijua.

Redio ya Kijapani usiitupe. Baadhi zikikosa betri kwa muda huomba kadi ya ramani au namba ya siri, na watu huziita zimeungua. Yetu iko kabatini, imefungwa nailoni pamoja na kadi yake.

Redio mpya ilipokaa sawa, mama mkwe alipanda, akatazama skrini, akakuta 7:00. Hakusema kitu. Nikaingia kwenye mipangilio, nikachagua majira ya Tokyo.

"Haya," akasema, "saa moja. Twende."