Mtoto Anapouliza kwa Sauti: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Miili Tofauti

Dhana: Mtoto anayemnyooshea mtu kidole na kuuliza hana adabu, hivyo anyamazishwe.

Ukweli: Ndani ya daladala inayotoka Uyole kwenda Mwanjelwa, mtoto wa miaka minne akimwona abiria mwenye mguu mmoja atauliza, tena kwa sauti ya kumfikia hata konda, kwa kuwa katika umri huo anaujua ulimwengu kwa kutazama na kulinganisha. Mama akimfinya na kumwambia, "Nyamaza, usimwangalie," mtoto hajifunzi adabu, bali anajifunza kwamba mwili ule una jambo la aibu ambalo hata mama hathubutu kulitaja. Jibu fupi la kweli linatosha: "Ndiyo, anatembea kwa magongo. Mwamkie." Hapo kwenye maamkizi ndipo ninapotilia mkazo, kwani mtoto wetu anajua tangu akiwa mdogo kwamba shikamoo hupewa mtu mzima, na kwa kuitamka anamtambua abiria yule kuwa mkubwa wake kabla ya kuhesabu miguu yake.

Dhana: Watoto wadogo hawaoni tofauti, na kuzizungumzia ni kuwapandikizia ubaguzi.

Ukweli: Wanaziona mapema mno. Hata mtoto wa miezi mitatu huelekea kutazama zaidi nyuso zinazofanana na zile alizozizoea. Asichokuwa nacho ni maana ya tofauti hizo, na mzazi akikaa kimya, maana hiyo ataiokota mtaani.

Dhana: Ualbino ni laana, au huambukizwa kwa kukaa dawati moja.

Ukweli: Ualbino hurithiwa. Kwa kawaida mtoto hupokea vinasaba vyake kutoka kwa baba na mama wote wawili, ambao wanaweza kuwa na ngozi nyeusi kabisa bila kujua kwamba wanavibeba, na kila mimba yao huwa na uwezekano wa moja kati ya nne. Huku kwetu Mbeya, mji ulio takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, baridi ya Juni huwafanya watu wadhani kwamba jua halina madhara, ilhali miale yake huzidi ukali kadiri mtu anavyopanda milimani. Haya yote mtoto wa darasa la awali anaweza kuelezwa kwa maneno yake: "Ngozi ya mwenzako haina rangi ya kutosha kuikinga na jua, ndiyo maana anavaa kofia pana, macho yake hayaoni vizuri mbali, ndiyo maana anakaa mbele." Aliyeelezwa hivyo anaweza hata kumkumbusha mwenzake kofia wakati wa mapumziko. Na neno "zeruzeru" lisisikike nyumbani kabisa.

Dhana: Kumwambia mtoto "hujafa hujaumbika" kunatosha kumfundisha heshima.

Ukweli: Methali hii husemwa kwa nia njema, lakini kwa mtoto mdogo huwa tishio, kwa maana mtu mwenye ulemavu anageuka kuwa mfano wa balaa linaloweza kumpata yeye. Ni afadhali amwone mtu huyo akiwa kazini. Iringa mjini kipo kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambako watu wenye ulemavu hutengeneza bidhaa za mikono, na mgahawani wahudumu viziwi huwahudumia wateja. Mtoto aliyejifunza ishara moja ya kushukuru na akajibiwa kwa tabasamu amepata somo ambalo maonyo hayawezi kumpa.

Dhana: Kumwita mtoto "bonge", "kimbaumbau" au "mbilikimo" ni utani wa nyumbani tu.

Ukweli: Mtoto huyabeba majina hayo hadi shuleni, akawaite wenzake. Tena huenda anayechekwa kwa ufupi amedumaa: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Iringa, mkoa unaovuna mahindi kwa wingi, zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na udumavu hutokana na lishe duni na maradhi ya mara kwa mara, hasa tangu ujauzito hadi umri wa miaka miwili. Mzazi mwenye wasiwasi kuhusu kimo cha mwanawe ampeleke kliniki akapimwe, na huko pia azungumze na mhudumu faraghani, siyo mbele ya mtoto.