Kupumzika Ziwani na Jamaa wa Karibu: Mwenye Ratiba ni Upepo

Kila likizo ya mwisho wa mwaka inapokaribia, hupata ombi la aina moja kutoka kwa watu wa Nakuru, Eldoret na Kakamega. Wanataka kuwapeleka wazazi wao na watoto wao katika safari ya meli ya kupumzika, kama zile wanazoziona kwenye picha, zenye vyumba vya kulala, bwawa la kuogelea kwenye sitaha na muziki usiku kucha, isipokuwa wangependa ianzie Kisumu. Kazi yangu ni kupanga safari za familia za boti katika Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Viktoria unaofika Kisumu, na kabla ya hapo nilikuwa nahodha wa boti za abiria kwa miaka 12, kwa hiyo huwajibu waziwazi kwamba meli ya namna hiyo haiondoki Kisumu. Ziwani kuna boti, feri, visiwa na nyumba za wageni kando ya maji, na vitu hivyo vikipangwa vizuri huipa familia pumziko ambalo sina shaka nalo hata kidogo, kwa sababu nimeliona mara nyingi.

Mji huu, kwa kweli, ulizaliwa na meli. Reli kutoka Mombasa ilipofika hapa mwaka 1901, mahali hapa paliitwa Port Florence, na meli ya mvuke William Mackinnon, iliyoletwa kutoka Uskochi ikiwa vipande vipande, ilikuwa imekwisha kuunganishwa papa hapa na kushushwa majini. Baada yake zilikuja Winifred, Sybil na nyingine, zikabeba pamba, barua na watu hadi bandari za Uganda na Tanganyika. Ninawaeleza wateja habari hizo ili wazee wanaokumbuka honi za meli waone kwamba hatuwapeleki ugenini.

Jambo ambalo wengi hawalijui wanapoanza kupanga ni kwamba ziwa lina saa zake, na familia inayopuuza saa hizo haipumziki, hata ikiwa imekodi boti nzuri kuliko zote. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na hewa baridi huteremka kutoka milima ya Nandi na nyanda za Kericho ikielekea ziwani. Ndiyo sababu alfajiri hapa Kisumu upepo hutoka mashariki, ule ambao mabaharia wa pwani huuita matlai, nao ni mwanana, maji yakiwa yametulia kama uji uliopoa bakulini. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka, hewa yake hupaa juu, na hewa ya ziwani huja kujaza nafasi. Kuanzia saa sita au saa saba mchana upepo hugeuka na kuvuma kutoka magharibi, ukipita ghubani kwa urefu wake wote.

Hapo ndipo umbo la ghuba linapokuwa na maana. Ghuba ya Winam ni ndefu na nyembamba, na upande wa Kisumu kina chake ni mita chache tu. Upepo unaosafiri mbali juu ya maji ya kina kifupi huinua mawimbi mafupi, yaliyokaribiana, yanayoipiga omo ya boti moja baada ya jingine bila kuipa nafasi ya kupumua. Bahari kuu ina mawimbi makubwa zaidi, lakini mengi huja kwa mwendo mrefu ambao mwili huweza kuuzoea, ilhali haya ya kwetu hutikisa mgongo wa mzee na tumbo la mtoto kwa dakika chache tu. Alasiri hiyo hiyo mawingu hujikusanya juu ya milima upande wa mashariki, na radi huanza kusikika kabla ya jua kutua. Usiku mambo hugeuka tena: pepo za nchi kavu kutoka pande zote hukutana katikati ya ziwa, na mvua za radi hunyesha huko nje hadi karibu na mapambazuko. Kwa hiyo boti ndogo yenye familia haina kazi ziwani usiku.

Kutokana na hayo nimejiwekea utaratibu ambao siulegezi kwa mteja yeyote. Safari ya kuvuka hufanywa kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa nne asubuhi, mchana ni wa kukaa kivulini nchi kavu, na jioni, upepo ukishatulia na mawingu yakiwa mbali, boti hutoka tena kwa mwendo mfupi wa saa moja karibu na ufuo kutazama jua likizama. Mtu akitazama ratiba hiyo kwenye karatasi ataona kama kwamba muda mwingi umepotea, lakini muda huo ndio mapumziko yenyewe, kwa kuwa ndio mama hulala bila kuamshwa na watoto hucheza bao na babu yao.

Nilijifunza hayo kwa kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilipanga safari ya watu kumi na mmoja wa ukoo mmoja kutoka Kisumu hadi Mbita, mji ulio karibu na mdomo wa ghuba, tuondoke saa moja asubuhi. Tukamngoja binamu mmoja aliyekuwa njiani kutoka Nakuru, tukangoja na chakula kilichokuwa kikipikwa, na saa sita ilipogonga nikakubali kung'oa nanga kwa sababu sikutaka kumvunja mtu moyo. Tulipofika sawa na Kendu Bay upepo ulikuwa umetushika usoni, watoto wawili wakitapika, na bibi yao, mwenye miaka 78, akiwa amelowa hadi kifuani huku akinihakikishia kwamba hana neno. Niliigeuza boti, tukaingia Kendu Bay, nikaita magari. Tulipokuwa tukiyangoja, bibi aliwakusanya wajukuu akawaeleza habari za Simbi Nyaima, ziwa dogo lililo karibu na mji huo, ambalo masimulizi ya Waluo yanasema lilikimeza kijiji kizima baada ya wenyeji kumnyima makao mwanamke mzee aliyewafikia usiku wa karamu. Watoto walisahau kutapika. Mimi sikusahau kwamba mzee yule alilowa kwa sababu ya udhaifu wangu wa kusema ndiyo.

Tangu siku hiyo familia yenye mzee au mtoto mchanga siipitishi tena urefu wote wa ghuba kwa boti ndogo. Tunakwenda kwa gari kwa barabara ya Bondo, tunakata kushoto Ndori hadi Luanda Kotieno, na hapo tunavuka hadi Mbita kwa feri, safari ya kama saa moja. Feri ina gati, ina viti, ina kivuli, na mzee huingia kwa miguu yake mwenyewe. Hilo la kuingia kwa miguu lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Katika fuo nyingi zisizo na gati, abiria hubebwa mgongoni na vijana hadi botini. Kwa kijana mwenye haraka si kitu, lakini nimewaona kina mama wa heshima wakikataa safari nzima kwa sababu ya hatua hizo kumi za majini, na wana haki. Siku hizi swali langu la kwanza kwa mteja ni nani katika familia mwenye magoti mabovu, na safari yote hupangwa kuanzia kwa mtu huyo.

Swali langu la pili huwashangaza wageni, ila wenyeji hulielewa mara moja: je, kuna mkwe? Kwa Waluo, na kwa jamii nyingi za Waluhya, mume wa binti halali chini ya paa moja na mama mkwe wake, na hakai naye kwa kubanana. Vilevile mwana aliyeoa halali na mkewe ndani ya nyumba ya wazazi wake. Meli yenye vyumba vilivyopangana kwenye ukumbi mmoja ingewapa watu hao siku nne za kubana pumzi. Visiwa vyetu vina nyumba ndogo ndogo zilizotengana, na hiyo ni neema ambayo matangazo ya utalii hayaitaji kamwe. Huwaweka wazee upande mmoja wa uwanja, wakwe upande wa pili, na jiko la pamoja katikati. Botini, mama mkwe huketi karibu na tezi, mahali ambapo mtikisiko ni mdogo, naye mkwe hukaa mbele akiwa ameelekea omo, kila mmoja akitazama maji na kila mmoja akiwa na amani. Kuna familia zinazosema kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Mimi huuliza wazee kwanza, faraghani, kabla ya kuamini neno la vijana.

Mbita ni lango, nacho Kisiwa cha Rusinga kimeunganishwa nayo kwa daraja, hivyo mzee anaweza kukifikia bila kupanda boti tena. Hapo ndipo alipozikwa Tom Mboya, waziri wa serikali ya Kenya aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na wazee wengi niliowapeleka walinyamaza muda mrefu mbele ya kaburi lake, kwa maana walikuwa vijana siku ile na kila mmoja anakumbuka alipokuwa aliposikia. Katika kisiwa hicho hicho, mwaka 1948, mtafiti wa mabaki ya kale Mary Leakey aligundua fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita. Kaburi hilo na kisiwa lilikopatikana fuvu hilo vinatosha kwa siku moja. Mfangano, kilicho mbele zaidi kwenye ziwa la wazi, kina michoro ya kale ya miambani na jumba la makumbusho la Waabasuba, lakini kukifikia ni zaidi ya saa moja kwa boti na michoro hiyo inahitaji kupanda kilima. Huwaacha vijana waende asubuhi na kurudi kabla ya upepo, wazee wakibaki Rusinga na samaki wao.

Kuhusu usalama nitasema machache, ila sitayapunguza. Kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha tangu gatini, si baada ya mawimbi kuanza. La mtoto lijaribiwe hivi: lifungeni, kisha mlinyanyue kwa mabegani, likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno, na majini litamtoka. Boti ambayo nahodha wake hana jaketi la saizi ya mtoto msiipande, hata kama mmekwisha kulipa. Gugu maji nalo lina tabia yake, kwa kuwa husukumwa na upepo, na ghuba iliyokuwa wazi asubuhi inaweza kuwa imezibwa jioni, mizizi ikijisokota kwenye rafadha ya injini. Ulizeni wavuvi wa siku hiyo, kwani habari za wiki iliyopita hazisaidii.

Watoto watataka kuoga ziwani, na hapa sina budi kuwa mkali. Kichocho kimo katika Ziwa Viktoria. Konokono wanaobeba vimelea vyake hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye nyasi na matope, yaani pale pale watoto wanapopenda kuchezea, na vimelea hupenya ngozi bila mtu kuhisi chochote. Kando ya matete asubuhi na jioni huenda pakawa na kiboko pia. Nyumba nyingine za wageni zina bwawa la maji safi, na kwa familia yenye watoto mimi huchagua hizo, hata kama mandhari yake ni ya kawaida. Aliyekwisha kuoga ziwani aende hospitali wiki kadhaa baadaye apimwe, kwa sababu dawa ipo na inatibu. Vyandarua navyo ni lazima, hasa kwa watoto wa Nakuru waliokulia kwenye baridi ambako mbu si wengi kama huku.

Asubuhi ya kuvuka kula kidogo: chai ya tangawizi, kiazi kitamu, basi. Anayehisi kichefuchefu akae karibu na tezi na atazame kilima kilicho mbali, asitazame simu. Ngege, yaani samaki wa tilapia, wa mchana apikwe kwa mchuzi wa nyanya na aliwe kwa ugali bila kuharakishwa, maana mlo huo huchukua saa mbili na hakuna mahali pengine mnapotakiwa kuwa.

Limebaki suala la tarehe. Wavuvi wa omena hufanya kazi usiku kwa taa, kwa sababu mwangaza huwavuta samaki hao wadogo juu, na hutoka kwa wingi siku za giza, mwezi usipoonekana. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaliane. Kwa hiyo familia ikiniachia nichague, hufungua kalenda nikatafuta giza la mwezi nje ya miezi hiyo. Bibi yule aliyelowa alirudi Desemba iliyofuata, safari hii kwa feri, akiwa mkavu. Usiku wa pili tulimwekea kiti ufuoni Rusinga na blanketi magotini. Baba yake alikuwa mvuvi, jambo ambalo wajukuu wake wa Nakuru hawakuwa wamewahi kulisikia. Taa zilipoanza kuwaka nje ziwani, moja moja, kisha mamia, mdogo wao alimuuliza ule ni mji gani. Alimvuta akamkalisha kando yake, akaanza kumfundisha kutambua taa zinazotembea na zilizotia nanga, na nilipokwenda kulala bado walikuwa wakihesabu.