Sarakasi na ngoma katika uwanja mmoja wa mtaa

Kusini mwa Tanzania Wamakonde wana ngongoti. Mchezaji hufungwa miti mirefu miguuni, huvaa nguo inayoificha miti hiyo, kisha hucheza juu kuliko vichwa vya watu kwa mdundo uleule wanaouchezea walio chini. Usukumani, wakati wa sikukuu ya Bulabo, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana kuvuta watazamaji, na kikundi kinaweza kuleta hata nyoka ili umati uhamie upande wake. Kwa hiyo kijiji kilichozoea ngoma hakishangai kuona mtu akipaa katikati ya uchezaji. Kinachokishangaza ni onyesho lililokatwa vipande viwili, dakika 20 za wacheza ngoma, dakika 20 za wanasarakasi, kila upande ukisubiri wenzake wamalize. Hapa tunaeleza jinsi ya kuziunganisha sanaa hizi mbili katika onyesho moja la mtaani.

Mgawanyo huo tumeuzoea kwa sababu sanaa hizi mbili zilifundishwa mbali mbali. Sarakasi ya jukwaani Tanzania ilipitia China, ambako vijana walipelekwa mafunzoni miaka ya 1960, na waliporudi wakawa na kikundi chao cha taifa kando ya kile cha ngoma. Hata hivyo wapo waliozileta pamoja. Nairobi, shirika la Sarakasi Trust limekuwa likiwalea wanasarakasi na wachezaji dansi tangu 2001. Ufaransa nako, mwaka 1995 mtunzi wa dansi Josef Nadj alikabidhiwa wahitimu wa chuo cha taifa cha sarakasi cha Châlons-en-Champagne awatungie onyesho, na vikundi vingi vya Ulaya vikafuata njia hiyo. Mtaani kwetu kazi ni nyepesi kidogo, maana ngoma ipo tayari na watu wanaijua. Sarakasi ndiyo mgeni, na mgeni huanza kwa kujifunza mdundo wa wenyeji.

Hapo ndipo penye kazi kubwa kuliko zote. Mrukaji anayepanda sentimita 45 kutoka chini hukaa hewani takriban sekunde 0.6, hata ngoma ikimbie vipi. Mpigaji akishika mapigo 100 kwa dakika, kila pigo linachukua sekunde 0.6, hivyo mrukaji huondoka kwenye pigo moja na kutua kwenye pigo linalofuata. Watazamaji huona kana kwamba ngoma ndiyo iliyomrusha. Umati ukipiga vigelegele, mpigaji hupandwa na mori na kufika mapigo 130. Sasa pigo ni sekunde 0.46. Mrukaji anachelewa, na kwa kuwa sikio lake linamwambia atue, anafungua mwili kabla hajamaliza kubinuka. Hutua kwa magoti au kwa viganja. Ajali za samasoti, yaani kubinuka hewani, katika maonyesho ya pamoja zinaweza kuzaliwa hapa, wakati mazoezini kila kitu kilikwenda sawa, kwa sababu mazoezini hapakuwa na vigelegele.

Dawa yake ni kumpa mpigaji mkuu kazi ya kutazama. Akae mahali anapoona miguu ya mrukaji, asiupe uwanja kisogo. Sehemu za kuruka zipangwe kwa mapigo 95 hadi 105, na zile za mdundo wa kasi zibaki kwa uchezaji wa chini. Kama mtaa unapenda singeli, ambayo hufika mapigo 200 na zaidi, usipunguze kasi yake: mwambie mrukaji ahesabu kila mapigo mawili kama moja, na hesabu itarudi palepale. Wakati wa kujenga piramidi mpigaji afanye kinyume cha mazoea. Asiongoze, afuate. Aviringishe mapigo madogo kwa sauti ya chini mpaka mtu wa juu asimame na mtu wa chini aseme "tayari", ndipo apige pigo kubwa. Neno hilo hulisema mtu wa chini peke yake, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kama mabega yake yametulia.

Kwa wiki ya kwanza, kati ya wiki sita za maandalizi, wanasarakasi wasiruke. Wacheze tu, wajifunze kukunja magoti na kukaa chini ya mdundo, hasa ngoma za mapigo sita ambazo mguu unasikia mawili na mkono unasikia matatu. Wacheza ngoma nao wajifunze kuanguka: kidevu kifuani, mkono uongoze, mgongo uviringike kwa mshazari kutoka bega moja hadi nyonga ya upande wa pili, kichwa kisiguse chini. Mara 10 kila upande, kila siku ya mazoezi. Siku tatu kwa wiki, saa mbili kila siku, zinatosha. Nusu saa ya mwanzo iwe ya kupasha mwili moto, hata kama wachezaji wamekuja wakikimbia.

Piramidi ya watu sita, watatu chini, wawili kati, mmoja juu, ndiyo inayofaa zaidi kwa kundi lililochanganyika. Walio chini hupiga magoti na kuweka viganja moja kwa moja chini ya mabega, magoti chini ya nyonga. Anayepanda huweka goti juu ya mfupa wa nyonga na kiganja juu ya bega. Kamwe asiweke uzito katikati ya mgongo, kwani hapo uti hauna cha kuushikilia, na aliye chini atapinda bila kupenda. Wawili wasimame pembeni kama walinzi, mmoja mbele na mmoja nyuma, mikono ikiwa imeinuliwa, wala wasicheze hadi wa mwisho ameshuka. Kushuka huanza juu. Wengi hushangilia piramidi ikisimama na kujisahau hapo, ilhali mtu anaweza kuumia hata wakati wa kushuka.

Uwanja unaotosha ni wa mita 10 kwa 10, pamoja na njia ya kukimbilia ya mita 12. Fagieni, okoteni mawe na vipande vya chupa, kisha tembeeni pekupeku nusu saa kabla ya onyesho. Fungeni kamba mita 2 kutoka ukingo, na watoto wakae chini mbele ili walio nyuma wasisukume. Magodoro ya kulalia hayafai yakiwekwa moja moja. Ni laini mno, kifundo cha mguu huzama, na ufa kati ya magodoro mawili hunasa mguu na kuupinda. Kama sponji nzito ya sentimita 10 haipatikani, yafungeni magodoro kwa kamba yawe kitu kimoja, halafu yafunikeni kwa turubai lililovutwa sawasawa. Vikundi vya pwani vinavyofanya mazoezi mchangani navyo viangalie jambo moja: mchanga humeza nguvu ya kuruka. Mtu aliyezoea mchanga akija kwenye ardhi ngumu atapaa zaidi ya alivyokusudia na kubinuka kupita kiasi, kwa hiyo mazoezi ya wiki ya mwisho yafanyike kwenye ardhi itakayotumika.

Mavazi ya ngoma ni mazuri, lakini yanahitaji kukaguliwa. Njuga za mguuni huchana bega la mtu wa chini, basi anayepanda asivae. Kanga ifungwe juu ya suruali ya kubana na ncha zake zichomekwe. Ushanga wa shingoni uvuliwe. Mafuta ya mwili yasipakwe siku hiyo, kwa sababu viganja huteleza.

Kutunza pia kupangwe. Mtazamaji aliyefurahi huingia uwanjani na noti mkononi, na kumzuia ni kumvunjia heshima. Tatizo ni kwamba huingia wakati uchezaji umepamba moto, yaani wakati kuna mtu hewani. Mshereheshaji atangaze mapema kwamba ngoma itatulia mara tatu kwa ajili ya kutunza, na kapu liwekwe karibu na wapigaji. Watu huelewa wakiambiwa sababu.

Kibali kianzie kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na afisa utamaduni wa halmashauri, na siku ichaguliwe kwa kuuliza wazee: kama kuna msiba jirani, onyesho linaahirishwa. Saa 10 jioni hadi 11 na nusu inafaa, jua limepungua na magharibi haijafika. Wapigaji wafike mapema wazikanze ngoma zao kwenye moto, maana hewa ya bahari huilegeza ngozi. Mtu akianguka kwa kichwa au shingo, asiinuliwe. Kichwa chake kishikwe kisitikisike mpaka mhudumu wa afya afike.

Asubuhi ya siku hiyo ni ya watoto wa mtaa. Walimu wawili kwa watoto 20, ruhusa ya mzazi kwa maandishi, na lazima mmoja wa walimu awe mwanamke, la sivyo wasichana wataishia kutazama. Kabla ya kumshika mtoto, mwalimu amweleze atamshika wapi na kwa nini. Wafundishwe kuviringika, kusimama kwa mikono wakiegemea ukuta, na piramidi ya ngazi mbili tu, yote juu ya ngoma ambayo bibi zao wanaifahamu. Bibi mmoja akisimama kuwasahihisha hatua, mwachieni uwanja. Jioni watoto hao wafungue onyesho kwa dakika 5, kwani mtoto akipanda jukwaani ukoo mzima hufika.

Kikundi kikiondoka, turubai na kamba zibaki kwa kiongozi wa vijana wa mtaa, pamoja na agizo lililoandikwa: ngazi mbili, walinzi wawili, hakuna samasoti mpaka mwalimu atakaporudi baada ya wiki tatu. Tarehe hiyo ya kurudi itangazwe mbele ya watu wote siku ya onyesho.